Hailifti yangu ya inchi 48 baada ya miaka 6: jeki, mfuko wake na mahali pa kuifunga

"Kaka, ninunue hailifti gani?" Vijana huniuliza hivi, wakimaanisha ile jeki ndefu ya kuinulia gari lililokwama, karibu kila msimu unapoanza, hasa wale waliokabidhiwa gari la watalii kwa mara ya kwanza, wakafungua chini ya kiti na kukuta jeki fupi ya kiwandani peke yake. Nami huwauliza kwanza: utaifunga wapi? Wengine huona kama nakwepa. Sikwepi hata kidogo. Hailifti yangu ninayo tangu Machi 2019. Nimeihamisha sehemu tatu kwenye gari hilo hilo, na katika sehemu mbili ilikuwa inaharibika polepole huku nikipita mbele yake kila asubuhi. Kwa hiyo humu nitaisifu jeki, maana inastahili, lakini maneno mengi yatahusu inapolala na inavyotunzwa.

Gari ni Land Cruiser 79 iliyorefushwa, viti saba vya wageni, paa la kuinuka. Njia zangu ni za kaskazini: Tarangire, Manyara, Ngorongoro, Serengeti, na mara mbili au tatu kwa mwaka Ziwa Natron. Kiangazi, ukishashuka kutoka Ngorongoro kuelekea Naabi, lango la Serengeti, ni rasta mwanzo mwisho, yale mawimbi magumu ya barabara ya vumbi, na vumbi lake ni majivu ya volkano ya zamani, laini kama unga wa sembe, linalopenya hata kwenye begi lililofungwa zipu. Masika ni udongo wa mbuga, ule mweusi, unaoganda kwenye tairi mpaka meno yote yanapotea na gari linateleza kama limevaa soksi.

Jeki yenyewe ni Hi-Lift halisi, inayotengenezwa Bloomfield, jimbo la Indiana, Marekani, tangu 1905. Kule kwao wengi huiita jeki ya shamba, na ukiitazama unaelewa: ni nguzo ya chuma yenye matundu kutoka chini mpaka juu, mtambo unaopanda nguzo hiyo, ulimi wa kuingiza chini ya bampa, mpini mrefu, na kiatu cha kukanyagia ardhi. Ya inchi 48 ina uzito wa kilo 13 hivi, na uwezo ulioandikwa ni kilo 2,114. Uwezo huo unatosha kuinua kona moja ya gari langu likiwa na mizigo. Niliinunua ikiwa imetumika kidogo, kwa shilingi 350,000, kwa mtu aliyekuwa akiuza vifaa vyake vya safari kabla ya kurudi kwao. Kabla ya hapo nilikuwa na nyingine ya kuiga, mpya kabisa, niliyoiokota dukani kwa bei iliyonifurahisha. Nguzo yake ilipinda siku ya pili ya kazi, gari likiwa juu na mimi nikiwa nimeshika mpini. Niliiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, sikutaka hata mtu anipe hela akaitumie.

Ili nieleweke huko mbele, lazima niseme jeki hii inapandaje. Ndani ya mtambo kuna pini mbili za chuma zinazoingia kwenye matundu ya nguzo, kila pini ikisukumwa na springi fupi kuliko kidole changu kidogo. Unapopiga mpini, pini moja inabeba uzito wakati nyingine inahamia tundu linalofuata, kisha zinapokezana. Ukiisikiliza ikiwa nzima, ina milio miwili iliyo wazi: ta, ka. Ta, ka. Pembeni kuna kidude cha kugeuzia. Kikiwa juu jeki inapanda, kikiwa chini inashuka. Basi. Hakuna oili ya haidroliki, hakuna sili ya kupasuka. Uhai wa chombo hiki chote, na wa aliyesimama karibu nacho, uko kwenye pini mbili na springi mbili ambazo unaweza kuzifumba kwenye kiganja.

Nilipoinunua niliifunga pale ambapo kila mtu huifunga: mbele ya bampa, imelala mbele ya rejeta. Inapendeza, sikatai. Gari linaonekana la kazi, wageni wanapiga picha. Nikaipaka oili, tena kwa ukarimu, ile chafu niliyoitoa kwenye injini wakati wa sevisi. Nilikuwa nimeona watu wazima wakipaka oili chafu kwenye bawaba, kwenye minyororo, kwenye springi za gari, nikajua ndivyo inavyotakiwa.

Ukafika mwaka 2020. Aprili wageni wakakatika kabisa, gari likakaa uani Sakina, Arusha, mpaka Septemba, jeki ikiwa mbele bila kifuniko. Mvua za masika zilimalizikia juu yake. Niliwasha injini kila wiki, nikazungusha tairi, nikafunika viti. Jeki sikuigusa. Sikuwaza kuwa chuma nacho kinahitaji kuangaliwa.

Februari 2021 nilikuwa Ndutu, mpakani mwa Ngorongoro na Serengeti, na wageni wawili, mume na mke. Msimu wa nyumbu kuzaa, lakini magari yalikuwa ya kuhesabu kwa sababu ya yale yaliyoikumba dunia. Saa kumi na dakika ishirini alasiri, pembeni ya kinamasi cha Big Marsh, tairi la nyuma kushoto likaingia kwenye mfereji uliofunikwa na majani. Gari likakaa kwa ekseli. Jeki ya kiwandani haikuwa na pa kuingia, tope lilikuwa limefika kwenye chasisi. Asubuhi ile ile tulikuwa tumewaona simba jike wawili na watoto wao kwenye migunga, mwendo mfupi tu kutoka pale. Nikamwomba yule bwana asimame kwenye kiti, paa likiwa juu, aangalie majani kwa darubini na asinyamaze hata kama haoni kitu.

Nikaenda mbele kufungua hailifti. Nati za masikio zilikuwa zimeshikana na bolti zake, kutu na tope vimekuwa kitu kimoja. Nilizitoa kwa koleo la fundi, moja baada ya nyingine, na hapo peke yake zilikwenda dakika kumi na zaidi. Nikaweka ubao, nikaweka kiatu, nikaingiza ulimi chini ya bampa la nyuma, nikapiga mpini. Ta. Nikapiga tena. Ta. Ile ka haikuja. Nilitazama nikaona pini ya juu imerudi nusu tu, imekaa mdomoni mwa tundu. Niligonga mtambo kwa spana ya magurudumu, ikaingia. Nikapanda matundu matatu hivyo hivyo, kugonga na kupiga, kugonga na kupiga. Tundu la nne pini ilidanganya, ilikuwa imeshika ukingo. Gari likashuka kwa kishindo, mpini ukaruka juu, ukapita kando ya sikio langu karibu kiasi kwamba nilisikia upepo wake.

Nilikaa chini kwenye majani kwa muda. Yule mama aliniuliza kama nimeumia, nikasema hapana. Kisha nikachukua beleshi. Dereva mmoja alitokea karibu saa kumi na mbili akatuvuta kwa kamba. Usiku ule kambini sikula. Nilikuwa nimebeba watu wawili waliolipa pesa zao kuja kunitegemea, na kifaa changu kikubwa cha kuwatoa kwenye shida kilikuwa kimekufa mbele ya macho yangu kwa miezi kadhaa.

Arusha niliipeleka kwa mzee wangu wa gereji, Unga Limited. Nikamwamkia, akaitikia, akaichukua jeki bila kusema kitu, akaiweka mezani. Alipitisha kidole gumba ndani ya mtambo, akakitoa kimejaa uji mweusi mzito, akausugua baina ya kidole gumba na cha shahada karibu na sikio langu.

"Unasikia?"

Nilisikia. Ulikuwa unakwaruza.

"Hii umeipaka nini, mwanangu?"

"Oili, mzee. Ya injini."

"Oili haikuharibu. Oili imekaribisha vumbi, vumbi likakaa. Umetengeneza msasa, ukaufungia ndani pamoja na springi."

Nimekirudia kitendo kile cha kidole mbele ya vijana wengi. Hailifti haitakiwi grisi, haitakiwi oili ya injini, safi wala chafu. Watengenezaji wenyewe wanasema hivyo: kilainishi chepesi tu, aina ya WD-40 au dawa ya silikoni ya kupuliza. Mimi hutumia mafuta ya cherehani. Yanapatikana kila duka la vifaa vya ushonaji, kichupa kidogo, ni mepesi, yanapenya kwenye pini na hayabaki juu kama lami. Matone mawili kwa kila pini, tone moja kwenye kidude cha kugeuzia, halafu unapanda na kushuka mara kumi bila mzigo, kisha unafuta kila kilichobaki nje kwa kitambaa kikavu. Ukigusa chuma na kidole kikang'aa kwa mafuta, umezidisha.

Mzee alizitoa pini na springi. Springi moja ilikuwa imekatika vipande viwili, nyingine imelegea. Watengenezaji huuza pakiti ndogo ya matengenezo yenye pini, springi na vitu vingine vidogo. Mgeni wangu mmoja aliniletea ya kwanza kwenye begi lake, na siku hizi nabeba pakiti moja ya akiba muda wote. Hili ndilo linalonifanya niipende Hi-Lift kuliko zile za kuiga: kila kipande kinabadilishwa. Nguzo yangu ni ile ile, mtambo ni ule ule, na bado inapanda kama siku niliyoinunua. Jeki ya kuiga ikifa springi, unatafuta springi ya kalamu au ya kufuli ukijaribu kukadiria, na ukikosea unamkadiria mtu chini ya gari.

Hapo hapo niseme kuhusu bolti. Pale mpini unapoungana na mtambo kuna bolti iliyowekwa makusudi ikatike mzigo ukizidi sana, kabla chuma kikubwa hakijavunjika. Nimekuta hailifti tatu za wenzangu ambazo bolti hiyo ilikatika, na fundi akaweka ngumu zaidi, ile ya springi za gari, na mwenye gari akafurahi kwamba sasa haikatiki. Tafadhali. Bolti ile ikikatika imekuambia jambo. Rudisha ya aina yake.

Sasa makazi ya pili. Baada ya Ndutu niliapa jeki haitarudi kwenye bampa. Mbali na vumbi na mvua, pale inapigwa na tope la gari unalolifuata, wadudu, na jambo nililochelewa kuling'amua: mashine ya presha ya waosha magari. Kijana anataka gari ling'ae, anaelekeza bomba kwenye mtambo, na mchanga unaingia ndani kwa nguvu kuliko ambavyo barabara ingeweza kuuingiza. Na mjini usiku jeki ya mbele inahitaji kufuli nzuri na mlinzi macho.

Nikaipandisha juu, kwenye keria ndogo iliyo juu ya kichumba cha dereva. Iliishi huko mwaka mmoja na miezi michache. Tope halikufika, huo ndio uzuri wake. Lakini kilo 13 unazoziokota kutoka chini si sawa na kilo 13 unazozishusha kutoka juu ukiwa umesimama kwenye tairi lenye tope, gari limeinama upande mmoja. Jua la huko juu lilikausha mpira wote niliotumia kufungia. Vipande vya tyubu vilivyokuwa vikidumu miezi minane chini vilipasuka ndani ya miezi mitatu. Na kelele. Rasta za Naabi zinaitikisa jeki mpaka mpini unapiga nguzo, kengele juu ya kichwa changu siku nzima. Kelele ni dalili tu: kila mgongano ule unakula tundu la kishikio. Siku moja tulisimama kula chakula cha mchana Naabi, nikatupa jicho juu kwa mazoea, nikaona kishikio cha kulia kimepasuka pembeni ya weldi na jeki imening'inia kwa upande mmoja. Nilifikiria gari lililokuwa nyuma yetu tangu Olduvai, wageni wamesimama, vichwa nje ya paa. Sikuirudisha tena juu.

Tangu Julai 2022 inalala ndani, sakafuni mwa buti, imelazwa kukingama ukingoni kabisa mwa mlango wa nyuma, na hapo ndipo itakapobaki. Kuna waliojaribu kuiweka ndani wakaichukia, kwa sababu waliilaza katikati ya sakafu na mabegi juu yake. Ukikwama unatoa mabegi saba ya wageni unayaweka kwenye tope ndipo uifikie. Yangu iko kwenye ukingo, mabegi yanaanza nyuma yake, na nyavu ya kamba inayazuia yasiiangukie. Nafungua mlango, jeki ndiyo kitu cha kwanza kuonekana. Hata gari likikaa kwa ekseli, mlango ule unafunguka kwa sababu uko juu. Kutoka kufungua mlango mpaka kiatu kukanyaga ubao nimejipima: dakika moja na nusu, bila spana.

Vishikio ni viwili, vya chuma bapa cha milimita 5, vimefungwa kwa bolti zinazopenya sakafu na kushika bati nene upande wa chini. Sikuvichomelea kwenye sakafu, maana sakafu ni nyembamba na rasta zingeipasua. Kila kishikio kina bolti moja iliyosimama, inayopita kwenye tundu la nguzo, kisha washa pana na nati ya masikio. Usiifunge kwa mkanda peke yake. Gari likipinduka, kilo 13 za chuma kisichofungwa vizuri ndani ya gari lenye wageni saba ni jambo ambalo sitaki kuliandika.

Palipo na mgusano wa chuma kwa chuma nimeweka vipande vya tairi. Nilivinunua kwa fundi wa makatambuga, hawa wanaokata tairi za pikipiki kuwa kandambili za Wamasai. Nilimwambia unene ninaoutaka, akavikata vizuri kuliko ambavyo ningekata mimi, kwa shilingi 2,000. Vina miaka mitatu, havijalika. Kwa mpini kuna vipete vya mpira vya kuubana kwenye nguzo vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Mimi natumia pete mbili za tyubu, na ndani ya gari, mbali na jua, nazibadili mara moja kwa mwaka. Kabla ya kuifunga hakikisha mambo mawili: mpini umesimama sambamba na nguzo, na kidude cha kugeuzia kiko juu. Kikiwa chini, mtu mwingine akiichukua kwa haraka, mtambo utamteremkia mkononi bila kumsubiri.

Kuhusu mifuko nimejaribu miwili. Wa kwanza ulikuwa wa mpira laini, umeagizwa mtandaoni, unafunika mtambo peke yake. Ni mzuri kwa tope na unashika vizuri, lakini ukiuvalisha jeki yenye unyevu umeifungia unyevu ndani. Niliuvua baada ya wiki nikakuta kutu changa, ile ya rangi ya chungwa, imeota kwenye pini. Kwa jeki inayokaa nje ningeuchukua, ila lazima uvuliwe kila jioni ya mvua. Wa pili nilishonewa na fundi wa maturubai, shilingi 18,000, turubai la kijani la pamba, mrefu kuanzia kiatu mpaka ncha. Unapumua. Nilimwomba aache zipu, maana zipu za huku hufa kwa vumbi ndani ya msimu mmoja, akaweka kamba ya kuvuta mdomoni. Vumbi kidogo linaingia, sitadanganya, lakini nikikung'uta mfuko nje mara moja kwa wiki linatoka. Wa turubai umenifaa zaidi.

Usafi wenyewe naufanya kila baada ya safari mbili kiangazi, na kila baada ya kuitumia masika. Kwa fundi pancha naomba upepo wa kompresa, napuliza mtambo kutoka juu kwenda chini na tundu moja moja la nguzo. Kama tope limekauka ndani, naloweka mtambo kwa mafuta ya taa kidogo, nasugua kwa mswaki wa zamani, napuliza tena, nasubiri ikauke kabisa, ndipo mafuta ya cherehani. Kisha nasimama nayo mahali pa kimya na kuipandisha polepole bila mzigo, nikisikiliza. Ta, ka. Ikitoa mlio mmoja tu mahali popote, haiingii garini siku hiyo. Kazi yote haizidi robo saa.

Natron ina sheria yake. Vumbi la kule Engaresero lina magadi, na magadi yakikutana na unyevu wa usiku yanakula chuma haraka kuliko mvua ya Arusha ya mwezi mzima. Ukirudi Natron usipulize tu. Osha kwa maji baridi, mengi, ndoo mbili, bila presha, uyayeyushe yote, kisha kausha juani ukiwa umeisimamisha ili maji yatoke kwenye mtambo. Mwaka 2023 nilichelewa kufanya hivyo siku nne kwa sababu niliunganisha safari nyingine, na nguzo ikapata madoa meupe ambayo chini yake rangi ilikuwa imeshaanza kuinuka. Niliyakwangua kwa brashi ya waya, nikapaka rangi ya kopo kwenye nguzo. Matundu ya nguzo na pini usipake rangi. Tundu likipungua hata kidogo, pini haikai.

Kasoro za jeki hii ninazikubali. Ni nzito. Kiatu chake ni inchi 4 kwa 7, kidogo mno kwa udongo wa mbuga, kwa hiyo ubao wa mkaratusi wa sentimita 30 kwa 30 unasafiri nayo, umefungwa kwenye kishikio hicho hicho. Haifai kubadilishia tairi barabarani kama jeki fupi inaingia, kwa sababu inaweza kuyumba, na usithubutu kuingia chini ya gari lililoinuliwa nayo. Mpini wake hauna huruma: mikono yote miwili, kichwa mbali na njia yake, na usiuachie ukiwa katikati hata kama nyuki wamekuvamia. Anayetaka chombo cha kutumiwa na yeyote bila kufundishwa, hiki si chake.

Lakini Machi mwaka huu, Tarangire upande wa Silale, niliinua kona ya nyuma ya gari la mwenzangu kwa matundu 22, nikajaza mawe na matawi chini ya tairi, nikashusha, akatoka mwenyewe. Kila tundu nililisikia.

Kijana wa mwisho kuniuliza ameshanunua yake, ya inchi 48, imetumika. Jumamosi tunakwenda Unga Limited kukata vishikio vya buti lake. Nimemwambia aje na jeki yenyewe, asije na picha wala kipimo alichoandika kwenye simu, maana vishikio vyangu vya kwanza vilikatwa kwa kipimo cha karatasi, bolti zikapishana na matundu kwa sentimita mbili, na mzee akalazimika kuvirudia vyote.